Nusu Ada Afrika Kusini, Ada Yote Kigali

Majibu ya vyuo viwili yalinifikia wiki moja, nikiwa nimepanga chumba na sebule Mkonze. Wapangaji wenzangu wote walikuwa watumishi wa serikali waliohamishiwa Dodoma, na familia zao zilibaki Dar es Salaam. Ijumaa walifunga milango wakaondoka, na mpaka Jumapili jioni uani nilikuwa peke yangu. Kwa hiyo habari kubwa kuliko zote nilizowahi kupata niliisoma kwenye simu Jumamosi moja nikiwa nafua, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Chuo cha kwanza kilikuwa Afrika Kusini. Kilinikubali kusoma shahada ya uzamili ya biashara na kilikuwa tayari kunilipia nusu ya ada. Nusu iliyobaki, pamoja na chumba na chakula, nilitakiwa kujilipia. Cha pili kilikuwa Kigali, chuo kichanga ambacho ofisini kwetu hakuna aliyekuwa amekisikia. Chenyewe kilisema kitalipa kila kitu, hata nauli.

Mtu akisikia hivyo anaona hakuna cha kuchagua. Mimi pia ningemwambia mwenzangu hivyo hivyo. Lakini Afrika Kusini nilikuwa na rafiki. Shahada ya kwanza tulisoma pamoja, tukashiriki kitanda cha ghorofa bwenini, yeye juu mimi chini, na siku ya kuagana tuliahidiana kwamba atakayetangulia atamvuta mwenzake. Alitangulia yeye. Tangu aondoke sikuwa nimepata mtu mwingine ambaye ningeweza kukaa naye kimya bila kuhangaika kutafuta la kusema.

Jumatatu nilimweleza meneja wangu. Kampuni yetu ilinunua alizeti kwa wakulima na kukamua mafuta, na mimi nilikuwa kwenye uhasibu. Alinipongeza, kisha akauliza nafasi yangu itakuwa wazi lini. Wenzangu walisema mimi ndiye msomi, nitajua la kufanya. Maneno hayo niliyasikia sana mwezi ule. Yalisemwa kwa heshima, na kila aliyeyasema aliondoka akaniacha pale pale aliponikuta.

Nilikiandikia chuo cha Afrika Kusini kuomba waniongezee ufadhili, nikawaeleza wazi kwamba kuna wengine wanaolipa yote. Walijibu kwa adabu kwamba fungu la mwaka ule limekwisha, wakaniomba niwape uamuzi wangu mapema. Ndipo nilipoomba ruhusa kazini nikapanda basi kwenda Kondoa, kwa baba.

Mama yetu alifariki nikiwa kidato cha tano. Baba alibaki na mdogo wangu wa kiume, wakilima mahindi na mbaazi na kununua mbaazi za majirani ili wakauze mjini. Nilimkuta baba barazani, ametoka kuswali alasiri. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza habari ya vyuo vyote viwili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hicho cha nusu kina nini ambacho cha Kigali hakina?" aliuliza.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza hivyo. Jibu nilikuwa nalo, lakini niliona haya. Ningemwambiaje baba, aliyekaa mjane miaka yote ile bila kulalamika, kwamba nataka kwenda kwenye gharama kwa sababu nina rafiki huko na nimechoka kukaa peke yangu?

"Kina jina kubwa, baba," nilisema. "Ukimaliza pale, makampuni makubwa yanakuchukua."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi tutauza shamba la bondeni. Mama yenu angekubali."

Shamba la bondeni ndilo lenye udongo mzuri kuliko yote tuliyo nayo, na aliyelilima ni mdogo wangu, aliyekuwa ameoa mwaka uliotangulia. Baba alimweleza usiku wakila. Asubuhi nilimfuata huko huko shambani, nikamkuta yeye na mkewe wanavuna mbaazi. Nilimuuliza anaonaje.

"Uzeni tu, dada," alisema. "Mimi nitakuja Dodoma niendeshe bajaji. Wenzangu wako Nkuhungu, wanasema maisha yanakwenda."

Hakuwa na kinyongo. Alisema huku mikono yake ikiendelea na kazi, na mkewe, upande wa pili wa mstari, aliinama asinitazame. Angekataa tungebishana, na huenda ningeng'ang'ania. Kukubali kwake ndiko kulikonimaliza nguvu. Niliweka mkoba chini nikavuna nao mpaka jua lilipokuwa kali.

Mchana nilimwambia baba kwamba nitakwenda Kigali na shamba lisiuzwe.

"Na lile jina kubwa?"

"Nitatafuta langu, baba."

Alinitazama machoni. Nilidhani ataniuliza kitu kingine, na kama angeniuliza nadhani ningemweleza kila kitu. "Haya," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Niliporudi Mkonze nilimpigia rafiki yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, maana nilitegemea atalalamika kwamba nimevunja ahadi. Kusema kweli nilitaka alalamike. Alisema, "Umefanya vizuri. Huku ni ghali mno, ungeteseka." Akaulizia upepo na vumbi la Dodoma, akacheka, akasema kuna wenzake wanamsubiri wakale. Tukaagana vizuri kabisa. Nilikaa kizingitini nikaona kwamba kati yetu wawili ni mimi tu niliyekuwa bado naisubiri ile ahadi.

Kigali walinifundisha vizuri. Darasani nilikuwa Mtanzania peke yangu, na miezi ya mwanzo mtu niliyezungumza naye Kiswahili alikuwa mama mmoja aliyeuza ndizi karibu na hosteli, ambaye aliniuliza kila siku kama nimekula. Mvua ya huko ilinichosha. Nilisoma sana kwa kuwa sikuwa na mengine ya kufanya, nikamaliza na matokeo mazuri, nikarudi.

Rafiki yangu aliolewa huko huko. Alinitumia picha za harusi, na Idd tunatakiana heri. Mdogo wangu analima bado lile shamba na sasa ana watoto. Mimi nasimamia ununuzi wa mazao katika kampuni nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, na nimepanga nyumba nzima Area D. Chumba kimoja nimekitengeneza kwa ajili ya wageni. Baba amelala humo mara moja, alipokuja kupimwa macho, akasema godoro ni laini mno.