Siku Niliyowashibisha Panya wa Salma

Nimewahi kufukuzwa na wenye nyumba, na madalali, na hata na mama mmoja wa Chamwino ambaye lipu niliyompigia ilipasuka kabla sijamaliza kufungasha vifaa, na hayo yote naweza kuyasimulia huku nacheka. Lakini kushikwa shingo ya kanzu na kutolewa nje mbele ya wageni waliovaa tai, kosa lenyewe kulisha panya, hilo likinijia nikiwa juu ya jukwaa la kupigia lipu nashuka chini kwanza nisije nikaanguka.

Niwaeleze vizuri, maana ukisikia tu "alilisha panya" utadhani nimerukwa na akili. Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipotutoka kule Kondoa nikaacha shule, nikahamia Miyuji na wadogo zangu, Salma na Hassani, nikajifunza ufundi wa lipu na nikajifunza kupika (ugali wangu wa kwanza Hassani alisema tuuweke mlangoni uzuie upepo). Hassani shule haikumkaa. Salma ilimkaa mpaka akafika shahada ya pili, kwenye chuo kimoja hapa hapa Dodoma, akawa anasoma mambo ya ubongo.

Jumamosi moja tunamenya viazi nikamwuliza hasa anasoma nini. Akanyoosha kisu kuelekea kwa jirani yetu.

"Kaka, seli mbili za ubongo hazigusani. Katikati pana upenyo mdogo sana, kama uchochoro wetu na mama Shabani. Wewe unarusha ujumbe, yeye anaupokea mlangoni kwake. Ukirusha mara kwa mara na yeye akaitikia, anaongeza milango ya kupokelea, baadaye hata ukirusha kidogo unafika. Ukiacha kurusha, anaipunguza. Kujifunza ndiko huko."

"Na mama Shabani hela ya milango yote hiyo atatoa wapi?"

"Kaka jamani! Sikwambii tena."

Akaniambia hata hivyo. Alikuwa anawafundisha panya weupe kutafuta chakula kwenye banda la mbao lenye njia nyingi zinazopotosha, na wakishaijua njia, ubongo wao unatolewa, unakatwa vipande vyembamba kama vya kitunguu, unapitishwa umeme mdogo sana, halafu anapima kama ujumbe unapokelewa kwa nguvu zaidi kuliko kwa panya ambao hawakufundishwa. (Hapo kwenye kukata ubongo mimi niliweka kiazi chini.) Jambo moja hakuniambia, wala mimi nisingejua kuliuliza: panya wale wanapewa chakula kidogo makusudi, ili wawe na hamu ya kukitafuta.

Basi ikafika siku ya wageni. Walikuwa watu wa kutoka chuo kingine kikubwa, wamekuja kuangalia kazi ya Salma, na wao ndio wangesema kama ataendelea na masomo ya juu au atarudi Miyuji kukaa na vyeti vyake kitandani. Asubuhi akanipigia simu.

"Kaka, shikamoo. Gauni langu la bluu nimelisahau nyumbani. Mpe bodaboda aniletee."

Ningempa bodaboda, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Nikasema hapana, siku kubwa kama hii nalipeleka mwenyewe, na kazi yake nitaiona. Nikavaa kanzu na koti, na kwa kuwa kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu, nikakaanga karanga, zile nzuri za Mlali, nikazifunga kwenye mfuko. Tatizo likawa viatu. Vina saruji ambayo hakuna brashi inayoiweza.

Salma alinipokea mlango wa nyuma. Akachukua gauni, akanitazama kuanzia kofia, akashuka, akafika kwenye viatu, akakaa hapo.

"Si nilisema bodaboda?"

"Nimekuja kuiona kazi yako."

Sauti za wageni zikasikika kwenye korido. Akageuka huku, akageuka kule, akatoa ufunguo akafungua chumba cha pembeni akanisukuma taratibu mgongoni. "Kaa humu, usiguse kitu. Wakishaondoka nitakutoa kwa nyuma." Mlangoni palikuwa na bango la kukataza mtu wa nje kuingia, nililisoma napita. Hilo la kutolewa kwa nyuma nililisikia pia, nikalimeza, nikakaa kwenye kigoda.

Ndani ni vizimba kila upande, vimejaa panya weupe wenye macho mekundu. Sikuwa nimenywa hata chai, nikafungua karanga zangu nile. Kumbe ndiyo nimewaita. Panya wote wakasimama kwa miguu ya nyuma, wameshika nyaya, pua zinacheza, na vyombo vyao vya chakula vimekauka. Sasa jamani, njaa mimi naifahamu, nimeishi nayo nyumba moja, na katika nyumba yetu hakuna aliyekula mbele ya mwenzake mwenye njaa, hata mgeni, hata paka wa jirani. Nikajiambia, maskini Salma, kwa mahangaiko ya wageni amesahau kuwalisha, kama kawaida ngoja kaka amfunikie kosa. Nikampa mmoja. Wa pili akalalamika. Nikagawa kama nilivyozoea kugawa, mdogo kwanza, mkubwa mwisho, nikahakikisha hakuna anayemnyang'anya mwenzake, mpaka mfuko ukaisha na mimi nikabaki na njaa yangu na kujiona mtu wa maana.

Salma akarudi amevaa koti jeupe na glavu, akabeba vizimba viwili bila kunitazama, akavipeleka ukumbini kwa mlango wa ndani. Mlango ule una kioo, nikasogea. Profesa wake, mama mmoja mrefu wa miwani, alikuwa anawaambia wageni, "Huyu ameshaijua njia. Tazameni, atakwenda moja kwa moja kwenye chakula."

Panya akawekwa. Akakaa. Akanawa uso, akanawa masikio, akajikunja, akalala.

"Labda ameona wageni," Profesa akasema, wakacheka kidogo. Salma hakucheka. Akamweka wa pili. Huyu wa pili (mkubwa yule, niliyempa mwisho) alikuja na karanga yake mdomoni, akatembea mpaka njia panda, akaketi, akaishika kwa mikono miwili na kuanza kuitafuna kama mzee aliyestaafu. Mimi nyuma ya kioo jasho linanitoka, chakula nakiona kule mwisho, njia naiona, na panya hana habari. Sijui nini kilinipata. Nikasukuma mlango.

"Nenda baba! Kata kushoto hapo, nenda!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Maganda ya karanga yalikuwa yamenijaa kifuani.

Profesa akayatazama maganda, akamtazama panya. "Umewalisha?"

"Walikuwa na njaa, mama."

"Wote?"

"Wote. Sikubagua."

Mgeni mmoja akacheka kwa sauti. Profesa akavua miwani. "Kundi zima limeharibika," akasema, pole pole, kama anayejisemea mwenyewe, kisha akamgeukia Salma. "Salma, huyu unamfahamu? Nani amemfungulia chumba cha wanyama?"

Salma akatazama sakafu. Ufunguo alikabidhiwa yeye peke yake, na mtu akiingiza mgeni mle anaondolewa kwenye kazi, hilo hata mimi wa darasa la sita nililiona usoni pake. Nikasubiri aseme. Midomo ilijitahidi kufunguka, naapa niliiona.

"Hanijui," nikasema. "Mimi fundi tu. Nilikuwa natafuta choo, mlango nikaukuta wazi."

Hapo wakacheka wote. Mlinzi akaja akanishika shingo ya kanzu. "Choo chenye vizimba umekiona wapi wewe? Na sehemu ya haja ukajaza karanga?" Njia nzima mpaka getini ananisema, "Mwanaume mzima, umekosa watoto wa kulisha?" na wanafunzi wanageuka kututazama, na mimi natembea kama mwizi wa kuku.

Salma alikuja nyumbani Jumamosi na mfuko wa sukari. "Shikamoo kaka." "Marahaba." Akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa visafi.

"Ungeniacha nijibu mwenyewe," akasema, amenipa mgongo.

"Ungejibu nini?"

Akafungulia maji zaidi.

Uongo wangu ulifanya kazi. Profesa aliamini kwamba kichaa fulani wa mtaani aliingia kwa bahati mbaya, akampa Salma panya wengine na muda wa kuanza upya, wageni wakarudi wakaona walichotaka kuona, na nafasi ya masomo akaipata. Mimi pia nimejifunza langu na nimeapa: kiumbe chochote nitakachokikuta na njaa, kabla sijakipa kitu, nitauliza kwanza ni nani ameitaka hiyo njaa.

Lakini kichaa wa mtaani hawezi kugeuka kaka. Siku za mahafali zilipokaribia Salma alikuja akakaa muda mrefu, akachezea ncha ya mtandio, mwisho akasema, "Kaka, Profesa atakuwepo. Anapenda kusalimia familia." Na sura yangu Profesa anaijua. Nikampigia Hassani pasi shati, nikamfunga tai, nikawasindikiza mpaka barabarani.

Picha yao ipo ukutani sebuleni, Salma na joho lake, Hassani kushoto, Profesa kulia amemshika bega. Watu wakija wanaisifu, halafu wanauliza mbona wewe mkubwa wao humo. Nawaambia mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamera.