Pua ya Mama Sidonie

“Mukate kichwa, muondoe mukia, mumwange chumvi kilo mbili: nitawaambia jina ya ile samaki na fasi ilitokea.”

Mama Sidonie Kahambu aliyasema hayo mbele ya soko zima la Murara, na hakuwa amekunywa kitu. Huyu ndiye ambaye volkano ya 2021 ilipomeza nyumba yake, alitoka na watoto wanne na beseni la tilapia. Mlango aliufunga kwa ufunguo, sijui lava angeikataza nini.

Mwaka uliofuata, waasi wakakata barabara ya Rutshuru. Samaki wa chumvi wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, waliokuwa wakipita njia hiyo, wakapotea sokoni, isipokuwa mezani pake. Jirani yake Marcelline akaanza kutangaza kwamba Sidonie anauza samaki wa bahari, wale wa kugandishwa wanaokuja kwa katoni, waliopasuliwa na kutiwa chumvi ili wafanane na wa Vitshumbi.

“Barabara imefungwa. Yako inapitaka wapi, mu hewa?”

“Mu hewa kabisa. Toka Beni, na ndege. Samaki yangu imeshapanda ndege, weye bado.”

Muzee Habineza, prezida wa soko, hakucheka. “Kama ni uongo, mama, meza unaiacha.”

Akaitwa Nshobole, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akipima ADN ya samaki, yaani DNA. Alieleza kwamba kila aina ina kipande kifupi cha ADN kinachoitambulisha, kama namba ya kadi ya mpiga kura. Kichwa kikikatwa, namba inabaki ndani ya nyama. Akakata vipande kumi mezani kwa Sidonie, kimoja kwa kila samaki, vidogo kama ukucha. Sidonie akanusa kila kimoja kabla hakijafungwa, akimwandikisha Nshobole daftarini.

“Andika: tilapia. Andika: kambale.” Kwenye cha saba akasimama. “Hii ni ya bahari. Vitshumbi haijaionaka hata kwa picha.”

“Na iko kwa meza yako,” Habineza akasema.

“Marcelline alienda ku kilio, akaniachia samaki yake nimuuzishie. Ya mutu mwenye kilio, nani anakatalaka?”

“Hiyo niliyokuachia ni tilapia,” Marcelline akasema.

“Basi tungoje mashine.”

Wiki tatu baadaye Nshobole akasoma majibu mbele ya wote, daftari mkono huu, karatasi ya maabara mkono ule. Tisa ni samaki wa ziwa, jina kwa jina kama daftarini. Cha saba ni samaki wa bahari. Pua na mashine, kumi kwa kumi. Marcelline akakumbuka ghafla kwamba ameacha sombe kwenye moto.

Meza ilibaki ya Sidonie. Karatasi ile ameiwekea plastiki na kuitundika juu ya beseni, chini yake bei mpya imeandikwa kwa chaki: tilapia moja ya Vitshumbi, franka elfu kumi na tano.