Siku wamama wa Kasongo tulimulilia mupiga gitare wa roki akiwa muzima

Salamu wakuu, wa Kasongo, wa Kabambare, na nyie wengine muliopotelea humu.

Mi ni mama wa watoto watano, nafundisha watoto Kurani hapa mutaani. Kuandika nilijifunza kwa masomo ya jioni, kwa hiyo mutanivumilia. Lakini hii habari ni kweli tupu. Mungu ananiona, na kwa bahati mbaya foto pia iko.

Munamujua ule mwimbaji wa roki mwenye anajaza viwanja kule Ulaya? Simutaji jina. Tumuite Radi.

Juzi binti yangu ananiletea telefone. Radi anahojiwa. Anasema konseri yake ya kwanza ilikuwa kwa iniversite ya Kasongo, zamani, nikiwa bado musichana. Anasema wamama walilia mpaka wakaanguka chini. "Musichana mumoja alibingirika mpaka miguuni kwangu. Sijapata tena shabiki kama yule."

Halafu wakaonyesha foto.

Musichana ni mi.

Jioni ile ile kamati ya wamama wa musikiti ikaniita. Kama ni kweli nilibingirikia gitare, watoto wao hawatasoma tena kwangu. Wakuu, lile darasa ndiyo maisha yangu. Sina ingine.

Sasa sikieni vile ilikuwa.

Baba ya Radi ni mutu wa Kabambare, lakini Radi mwenyewe alikulia Kinshasa. Alikuja kusalimia babu yake, akasema atapita Kasongo kuimbia wanafunzi. Ile barabara munaijua. Vyombo vyake vya muziki vilikuja na pikipiki, na kwa ajili ya vumbi walivifunga ndani ya shuka nyeupe.

Kitu kirefu. Shuka nyeupe. Kimefungwa nyuma ya piki. Vijana wawili wanasukuma polepole, vichwa chini.

Sisi tunauza mikate mbele ya geti ya iniversite. Mutu wa kwetu akiona vile atafikiri nini?

Mama Zaituni akaweka mukono kwa kinywa. "Yoo! Wamerudisha mutoto wa watu!"

Hatujakaa sawa, kule ndani mwanaume akapiga ukelele. Wakuu, ukelele! Wa mutu mwenye kufiwa na baba na mama siku moja. Leo najua ule ulikuwa ubeti wa kwanza.

Hapa mutu wa mbali anielewe. Kwetu unalia kwanza, unauliza nyuma. Mwenye kuuliza "nani amekufa?" na macho makavu, kesho watasema alijua mbele, labda ni yeye alimuloga. Shehe anatukataza kila Ijumaa kulia na makelele. Tunaitikia vizuri sana.

Basi tukajifunga vitenge kiunoni, tukakimbia, tukaingia na kilio. Mi nilikuwa na nguvu za usichana, nikabingirika mpaka mbele kabisa.

Radi alikuwa amefunga macho. Akasikia kilio, akaongeza sauti. Sisi tukasikia ameongeza, tukajua marehemu ni ndugu yake wa karibu sana, tukaongeza pia.

Aliponyamaza nikainua kichwa kutafuta maiti.

Hakuna. Shuka imekunjwa pembeni. Wanafunzi wanatuangalia, midomo wazi.

Ungefanya nini? Mama Zaituni akajipangusa vumbi, akapiga makofi. Wote tukapiga makofi.

Ndivyo roki ilivyoingia Kasongo.

Turudi kwa kamati. Mwenyekiti ni nani? Mama Zaituni huyo huyo. Amekaa, uso kama hajawahi kuona gitare.

"Mwalimu, ulilia muziki?"

"Hapana, mama. Nililia maiti."

"Maiti ya nani?"

"Sikuuliza."

Nikajua nimejimaliza, kwa sababu kubingirikia maiti nayo Shehe anaikataza.

Kumbe mama mumoja kule nyuma ameshindwa kuvumilia. "Sasa nani angeuliza? Mi nililia mpaka kiatu kikapotea!"

"Wewe? Wewe ulifika sisi tumeshachoka!"

"Nilifika nyuma ya nani? Sauti yangu ndiyo ilikuwa inasikika mpaka sokoni!"

Wakaanza kubishana nani alilia vizuri. Kila mumoja alikuwa pale. Mama Zaituni akagonga meza, na yeye akasema yeye ndiye alianzisha, watu wasisahau.

Halafu akasikia mwenyewe kile amesema.

Akavuta mutandio, akakohoa. "Mwalimu aendelee na watoto. Lakini mutu asimuambie Radi. Atasema wamama wa Kasongo wanalia bila kujua."

Watoto wote wamerudi kusoma, alhamdulilahi. Tena wawili wameongezeka.

Somo nililopata: ukiona watu wanalia mbele yako, usikimbilie kujisifu. Uliza kwanza wanamulilia nani.

Na nyie muliokuwa wanafunzi wa iniversite ile siku, najua muko humu. Semeni hapa chini bila kujificha: mulituona tunaingia na vitenge kiunoni, mbona hakuna hata mumoja alituambia kitu?