Eda Haifungi Masikio

Nakumbuka siku moja kule Koboko, nyumbani kwa mama mdogo wangu Zenabu, na waliokuwapo nitawataja wote, msije mkasema bibi anabuni. Alikuwapo Zenabu mwenyewe, mdogo wake mama yangu, amekaa eda ya mumewe Mzee Abdala, Mungu amrehemu. Alikuwapo Habuba Halima, mama yao; sisi Wanubi bibi tunamwita habuba. Alikuwapo Baba Rajabu, ndugu yake marehemu, pamoja na wanaume wengine wa jamaa waliokuja kutoa pole. Na mimi Hawa, bado msichana, nimetumwa kutoka Arua nimsaidie mama mdogo kazi. Ilikuwa miaka ile ya sabini, wanajeshi ndio wenye nchi.

Kazi yenyewe, mwanangu, ilikuwa ya ngozi. Mzee Abdala alikuwa akinunua ngozi za mbuzi na kondoo katika soko la Adumi na kwa wachinjaji wa Koboko. Aliziloweka katika mashimo kando ya kijito, kwanza kwa majivu ili manyoya yatoke, kisha kwa matunda ya mgunga yaliyotwangwa, yale tunayoita garadi, mpaka ngozi inakuwa laini, nyekundu, tayari kwa ndara na mikanda. Alipokufa kazi ikabaki kwa Zenabu, na nisiwafiche, aliijua kumpita mumewe. Mashimo yalikuwa nyuma tu ya ua wa matete. Mjane wa eda hatoki, basi yeye alikaa ndani ya ua akinituma: Hawa, geuza ile ya juu, Hawa, hiyo bado, iache. Nikimletea ngozi aliipokea kwa mikono kupitia upenyo wa matete, akaipapasa amefumba macho, akaniambia imeiva au haijaiva. Alikuwa na watoto wadogo, na chakula chao chote kilikuwa ndani ya mashimo yale.

Sasa, kwetu mtu hapeleki maneno ya soko kwa mwenye eda. Unaingia, unasoma Fatiha, unakunywa chai, unasema subiri, Mungu yupo, unaondoka. Ni adabu njema, siidharau hata leo. Lakini mwaka ule adabu hiyo karibu itufungie mlango.

Siku hiyo watu wako kwenye chai, tukasikia hodi. Alikuwa Bwana Drani, bwana afya wa gombolola, yaani serikali ya tarafa yetu, kijana wa Kilugbara mwenye sauti ya upole, na nyuma yake askari wa kaunsili ameziba pua kwa leso. Mama mdogo akahamia nyuma ya pazia la mkeka, maana hawezi kuonana na mwanaume wa nje. Kwa kuwa Zenabu hakuacha mzaha hata katika msiba, akamwuliza yule askari kama siku hizi anapumulia masikio. Leso ikateremka.

"Mama, pole sana na msiba," akasema Bwana Drani. "Lakini sheria iko mpya. Hapana mwaga maji ya ngozi mtoni tena."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayemwelezea mama yake. Zamani ilitosha mwenye ngozi akae chini ya pale watu wanapoteka maji. Sasa mashimo yote yapandishwe mbali na ukingo, na maji machafu yamwagwe katika shimo la mawe, yasirudi kijitoni. Sheria hiyo ilisomwa barazani, ikarudiwa siku ya soko. Wenye ngozi wengine walikuwa wamekwisha kuhama. Yeye amekuja kuyafukia haya yaliyobaki, leo hii.

Zenabu akasema nyuma ya mkeka, "Ngozi ziko ndani, bwana. Zikitolewa sasa zikae juani, zinaharibika zote. Na mimi niko eda. Nani aliniambia?"

Baba Rajabu akatazama ndani ya kikombe chake. Kumbe barazani alikuwapo. Na wale wengine walikuwapo. Kila mmoja alipita hapa akanywa chai yetu, akaenda zake. Alipoulizwa, Baba Rajabu akasema kwa sauti ndogo kwamba aliona haya kuleta mambo ya serikali katika nyumba ya kilio, na alidhani mwingine atasema.

Mimi nikamnong'oneza Habuba, kwa akili yangu ya usichana, kwamba tuyafunike mashimo kwa majani, huyu bwana aende, tuendelee taratibu.

"Na maji, utayafunika kwa nini?" akaniuliza.

Mwanangu, liko jibu ambalo hulipati hata ukizeeka.

Bwana Drani naye moyo ulikuwa umelegea. Akasema basi, kwa ajili ya msiba, angetuachia mpaka eda iishe. Mimi nikashukuru Mungu moyoni. Lakini Habuba Halima akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Mwanangu Drani, Mungu akuzidishie huruma. Lakini maji hayajui kwamba binti yangu ni mjane. Abdala alipochimba hapa, kule chini ilikuwa pori tupu. Leo kuna nyumba mpya za askari, na wake zao wanateka palepale. Watoto wao wanakunywa majivu yetu na garadi yetu." Kisha akawageukia wanaume. "Na ninyi. Eda imemfunga miguu tu. Masikio yake mmeyafunga ninyi."

Kisha akamwomba Drani jambo moja tu: mashimo ya zamani yasifukiwe mpaka mapya yachimbwe, na yachimbwe kabla ya magharibi. Bwana Drani akakubali. Alipanda mwenyewe juu ya mteremko, akaonyesha mahali kwa kisigino cha kiatu.

Baba Rajabu akavua kanzu, akashika jembe wa kwanza. Wengine wakamfuata. Yule askari alisimama kidogo, akaona haya, akaomba jembe naye. Sisi wanawake tulibeba ngozi katika vyungu pamoja na maji yake ya garadi, ili zisishtuke. Zilizokuwa kwenye majivu hazikuvumilia, nyingi zilichanika. Nilipompelekea Zenabu pale kwenye matete alizipapasa moja moja, akalia kidogo. Halafu Baba Rajabu akapita ananuka, ametapakaa mpaka ndevu, na Zenabu akamwambia kutoka ndani, "Shemeji, leo mke wako anakulaza jikoni." Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu tumzike Abdala.

Nyumba haikufungwa, kazi ikaendelea kule juu. Na kuanzia hapo, kila Ijumaa baada ya sala, Baba Rajabu alikuja nje ya ua, na kabla ya pole na kabla ya chai alisema yaliyotangazwa: ya maji, ya kuni, ya machinjio. Zenabu alijibu, "Nimesikia, shemeji." Hata eda ilipokwisha hawakuacha. Na kila alipotaka kuchimba shimo jingine, alinituma kwanza kwa Bwana Drani kuuliza.

Basi, wanangu, ninyi mnaochoma matofali Pajulu, mnaoosha magari Arua, mnaouza mifuko na kusaga nafaka, nisikilizeni. Usiseme baba yangu alifanya hivi na hakuna aliyemkataza. Baba yako alifanya wakati chini yake hapakuwa na mtu. Watu wakihama, sheria nayo inahama. Wajibu wako ni kuuliza imefika wapi, na mwaka ujao uulize tena. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Usingoje ije na jembe mlangoni. Na ukiisikia wewe, mpelekee asiyeweza kutoka: mgonjwa, mama aliyejifungua, mwenye msiba. Pole tupu, bila habari, ni nusu ya pole.

Mungu awape riziki isiyomdhuru jirani, na maji mnayoyaacha yawe safi kama mliyoyakuta. Na kama nimekosea, kama aliyeshika jembe wa kwanza hakuwa Rajabu, wajukuu wa watu hao mpo Koboko: nisahihisheni mapema, umri wangu umekwenda.