Mama Mkwe Katika Sampuli Yangu

Mara ya kwanza jopo liliponirudisha, kosa langu lilikuwa kwamba sina falsafa. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima kuhusu akina mama wanaouza ndizi soko la Nyaramba: wanavyonunua, wanavyouza, wanavyogombana na wenye malori. Mwenyekiti akavua miwani, akaniuliza, "Lakini ontolojia yako ni ipi?" Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa somo la biashara huko Nyamira, mwenye mke na watoto watatu, na sijawahi kuulizwa jambo la aibu kama hilo mbele za watu.

Mara ya pili nilikwenda na falsafa mbili. Wakasema zinapingana, wakanipa nafasi moja ya mwisho. Kama ningeanguka tena, likizo zangu zote za miaka minne ambazo nilizimalizia chuoni Kisii mjini zingekuwa kazi bure, na cheo cha naibu mwalimu mkuu kingemwendea mwenzangu mmoja ambaye shahada yake ya uzamili huitaja hata akiomba dua ya chakula.

Basi nikachagua upozitivisti. Kusema kweli, aliyenichagulia ni mama wa saiba, kibanda cha kompyuta, anayechapa tasnifu za watu. "Weka hiyo, mwalimu," aliniambia. "Wengi wanapita na hiyo." Sura ya tatu alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, ya mtu aliyetafiti saluni. Alibadilisha saluni zikawa ndizi, na mpaka leo ukurasa mmoja wa tasnifu yangu unaeleza jinsi ndizi zinavyosukwa.

Falsafa yenyewe ni rahisi. Inasema ukweli uko huko nje, umetulia kama jiwe, unangoja kuhesabiwa. Mtafiti asimame mbali nao asije akauchafua kwa hisia zake. Wala asichague wahojiwa kwa kupenda. Wachaguliwe kwa bahati nasibu. Nikaandika nambari za wauzaji wote kwenye vikaratasi, nikavitia kwenye sufuria, nikafumba macho, nikachomoa. Kikaratasi cha tano kilikuwa nambari kumi na saba, na nambari kumi na saba ni mama mkwe wangu.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Rudisha, utoe kingine."

"Siwezi," nikamwambia. "Nikichagua, sayansi imekufa."

Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya baina ya mtu na wakwe zake. Miaka kumi na minane ya ndoa, sijawahi kukaa benchi moja na yule mama, sijawahi kumshika mkono, na tukikutana njiani mmoja wetu hupisha. Na hojaji yangu ilianza kwa kuuliza umri na hali ya ndoa! Nikausoma tena ule ukurasa wa umbali kati ya mtafiti na mtafitiwa, nikajipa moyo. Kama ni umbali tu, hakuna mpozitivisti duniani anayemshinda mkwe wa Kikisii.

Siku ya soko nikasimama hatua kumi kutoka meza yake, uso nimeuelekeza kwenye mashine ya kusagia, nikawa namsomea maswali jirani yake, muuza parachichi. Jirani anageuka, anarudia swali kwa Ekegusii, ingawa mama amesikia kila neno. Jibu nalo linarudi kwa njia hiyo hiyo.

"Anauliza umri."

"Mwambie aandike mtu mzima."

Hapakuwa na kisanduku cha mtu mzima. Nikakiacha wazi.

Kisha zikaja kauli, ambazo mhojiwa huzijibu kwa kuchagua kuanzia nakataa kabisa hadi nakubali kabisa. Mafunzo ya kaunti yamekuza biashara yangu: nakubali kabisa. Hajawahi kuhudhuria hata moja. Natunza kumbukumbu za mauzo kwa kompyuta: nakubali kabisa. Kompyuta yenyewe hana. Halafu nikasoma ya nne: nafungua biashara siku zote saba za wiki.

Mama mkwe wangu ni shemasi wa kanisa la Wasabato. Ijumaa jua likianza kushuka amekwisha kufunika meza yake, na haifunui mpaka Jumamosi ipite.

"Mwalimu, hiyo iruke," muuza parachichi akaniambia.

"Hairukwi. Lazima wote waulizwe sawa."

Nikamsikia mama akimuuliza jirani kwa sauti ya chini, "Nikisema nakataa, ataanguka mtihani?"

"Mimi sijui. Lakini hapo imeandikwa nakataa kabisa. Utamwambia mkwe wako hivyo?"

Mama akajibu, "Sijawahi kumkatalia kitu. Nakubali kabisa."

Nikatia alama. Nilipaswa kuichana ile karatasi pale pale, na aibu ya kutoichana ninayo hadi leo. Lakini nilikuwa na nafasi moja tu, na jirani alikuwa amekwisha kupitisha habari meza kwa meza kwamba anayekubali anamsaidia mkwe wa fulani. Kufikia saa sita, safu nzima ya ndizi, Wasabato kwa Wakatoliki, ilikuwa imekubali kabisa kila kitu.

Jopo lilifurahi kupita kiasi. Walisema hawajawahi kuona majibu thabiti hivyo. Mmoja wao, ambaye mimi mwenyewe nimemwona akiongoza nyimbo kanisani Jumamosi, aliiita biashara ya siku saba ugunduzi muhimu. Mwenyekiti akaniuliza nilihakikishaje umbali baina yangu na wahojiwa.

"Nilisimama hatua kumi," nikasema.

Akaandika kitu, akatabasamu. Nikapita.

Baada ya mahafali tulifanya sherehe nyumbani. Mama mkwe alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa ndani na wanawake. Mimi nilikuwa uani, nimevaa joho, nimekataa kulivua. Mke wangu akatoka.

"Mama anauliza kama umepita kabisa. Hawawezi kukunyang'anya tena?"

"Mwambie hawawezi."

Akaingia, akakawia, akarudi bila kicheko.

"Anasema basi uende ukafute ile ya Jumamosi. Tangu siku ile hajashiriki meza ya Bwana."

Tasnifu ilikuwa maktabani, imefungwa jalada gumu jeusi, herufi za dhahabu. Haifutiki. Ningeweza kumwandikia mwenyekiti barua nikamweleza yote, na nilijua barua hiyo ingenigharimu nini. Nililishika lile joho kwa muda, nikilinyoosha mikunjo isiyokuwepo.

"Mwambie nimeshafuta," nikasema.

Mke wangu alinitazama, akaingia. Dirisha lilikuwa wazi, na nikamsikia mama mkwe wangu akimshukuru Mungu.