Profesa wangu wa umeme alivyopanda cheo kwa taa zilizokufa Midia

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nayaficha kwa sababu bado nina PhD ya kumaliza, kama itamalizika.

Mimi ni mtu wa Onduparaka, Arua. Supervisor wangu ni profesa wa uhandisi wa umeme na kompyuta, mzaliwa wa Koboko. Zamani akiwa mhadhiri wa kawaida tu, alibuni mtambo wa sola kwa wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya huko Midia, jirani na kwao. Siku ya uzinduzi alifika, akapiga picha na akina mama, akaondoka.

Picha hizo zimemlisha mpaka leo.

Akaandika paper, akawa senior lecturer. Akaandika nyingine, akaitwa conference Ulaya, akarudi associate professor. Mtambo ni uleule mmoja, yeye anazidi kupanda.

Kwenda Midia kupima nilitumwa mimi. Nikakuta betri zimekufa kitambo. Kwenye hesabu zake bwana mkubwa alisahau friji ya chanjo, basi betri zilikuwa zinakamuliwa kila siku mpaka zikaisha. Manesi wanazalisha kwa tochi za simu. Nikaandika sura nzima ya thesis kueleza kosa liko wapi.

Akaniita ofisini.

"Hiyo sura itoe. File yangu ya full professor iko mezani."

Nikakataa. Tangu hapo hakujibu email zangu, na draft yangu ikabaki kwake.

Cheo akapata. Mnajua kwetu, mtu akipanda lazima hema lifungwe nyumbani. Koboko ikajaa magari, wakubwa wa chuo wakaketi mbele, mimi nikapewa kazi ya kugawa soda. Msomi mzima.

Watu wa Midia wakaja na mbuzi. Pale nyumbani kwa profesa mbuzi wa mgeni hachinjwi kabla aliyemleta hajasema neno lake. Profesa akidhani ni mbuzi wa shukrani, akawaita mbele kwa mbwembwe zote, wapewe maiki.

Akasimama mama mmoja wa kamati ya kile kituo.

"Mutoto yetu, sisi nakuja kuomba. Ile taa yako ilikufa. Mama iko nazaa kwa giza. Hii mbuzi ni ya kukuita urudi utengeneze."

Profesa akacheka kidogo.

"Mama, mimi si fundi. Mimi ni profesa."

Mbuzi akachinjwa. Akala, tena kwa raha. Midia hakwenda.

Mimi mjinga nikadhani aibu itampeleka. Aibu gani? Miezi michache baadaye ikatoka paper yake mpya: kwa nini wanavijiji hushindwa kutunza mitambo ya sola. Vipimo ni vyangu, michoro yangu, mpaka sentensi zangu. Alichobadilisha ni mkosaji tu. Friji haimo, hesabu mbovu haimo. Anayelaumiwa ni yule mama na wenzake.

Nikabadilisha supervisor, nikawasilisha thesis. Software ya chuo ya kukagua wizi wa maandishi ikaipaka sura yangu nyekundu mwanzo mpaka mwisho. Sasa nimeitwa kamati ya nidhamu, nieleze kwa nini nimemwibia profesa.

Nina hasira wakuu, sitaficha.

Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Huyu wetu alikula mbuzi, ng'ombe nadaiwa mimi.

Nilichojifunza: supervisor akikwambia "itoe", usimwachie hata ukurasa. Huenda kazi yako ameshaitamani.

Waliowahi kusimama mbele ya kamati za hivi, semeni mlijiteteaje. Wa kuniambia niombe msamaha, pita kushoto.

Na kabla hamjanihurumia mimi, jueni kwamba wiki iliyopita nilipita Midia. Bado wanazalia gizani, na ile paper inasema ni kosa lao.