Foleni Isiyo na Mwenyewe

Mimi nilianza na mtungi mmoja wa maji Soweto West, Kibera. Leo nina kituo cha gari la maji Kianda na duka la kupokea oda Kawangware. Oda za Kawangware hupanga foleni kwenye kompyuta ya dukani mpaka kompyuta ya Kianda izichukue, ndipo gari lipeleke maji.

Jana mtandao wa Kianda ulipotea. Nikaona foleni imesimama tu. Pale bombani, mtungi usio na mwenyewe tunautoa kwenye foleni. Nikaifuta yote.

"Nimekusafishia foleni, na sikumaliza hata darasa la sita!" nikamwambia Akinyi, fundi wangu wa kompyuta.

Akashika kichwa. "Bosi! Hizo oda zilikuwa zinangoja Kianda irudi!"

Mlangoni akatokea mama mkwe wangu. "Baba Brayo, wageni wa mahari ya shemeji yako wamefika. Maji niliyooda jana iko wapi?"

Nyuma yake, Kawangware nzima ilikuwa imepanga foleni na mitungi mitupu.